Mwanafunzi Mwenzangu Aliyeitwa Mwalimu

Nimewaonea wivu watu wengi maishani, lakini hakuna niliyemwonea wivu kwa muda mrefu kama Mwalimu. Tulikuwa darasa moja, tukisomea shahada moja. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka shule ya upili. Yeye alikuwa amestaafu kufundisha sayansi katika shule ya msingi. Siku ya kwanza aliingia ukumbini amevaa buibui jeusi na raba nyeupe, nasi tukasimama sote tukidhani ndiye mhadhiri. Akatutazama, akacheka.

"Kaeni, kaeni. Mimi pia nimekuja kuandika."

Akaketi safu ya mbele, kiti cha pembeni yangu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina. Hata wahadhiri, wengine umri wa wanawe, walimwita Mwalimu.

Habari za ukoo wake sizijui. Najua aliishi Kibomet, mtaa wa hapa Kitale, hatua chache kutoka msikitini, na kwamba alikuwa mjane kama mama yangu. Hayo mengine sikuuliza. Nikimuuliza mtu maswali naanza kumpenda, na yeye sikutaka kumpenda.

Tulisomea tiba ya mtindo wa maisha. Watu wa Kitale walikuwa hawajaizoea. Ukimwambia mtu, anakuuliza, "Mtindo? Si hiyo ni fasheni?" Mjomba wangu wa Bungoma alisema mbele ya wageni, "Kwa hivyo huyu mtoto anamaliza miaka minne akifundishwa kuambia watu wakule mboga." Mama aliwaambia majirani nasomea udaktari, basi, yakaisha. Ukweli ni kwamba tulisoma mwili kama wanavyousoma wengine, damu, moyo na figo, kisha tukasoma chakula, usingizi, mazoezi, pombe, sigara, mawazo yanayomkaba mtu, na namna anavyoishi na wenzake. Maana presha na sukari huanzia humo, na humo ndimo zinapoweza kupunguzwa, dawa ziwepo au zisiwepo.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Baba alikufa kwa presha nikiwa kidato cha tatu. Alianguka uani kwetu Kanduyi, kule Bungoma, mkononi ameshika ndoo ya kunyweshea ng'ombe. Baada ya mazishi Mama naye alipimwa, akakutwa na presha. Niliapa kimoyomoyo kwamba huyu hataanguka. Mimi ndiye nitakayemwokoa. Hilo neno "mimi" ndilo lililokuja kunitesa.

Mwalimu, nadhani, hakuwa na sababu kubwa hivyo. Alipoulizwa kwa nini amerudi kusoma uzeeni alijibu, "Nyumbani nimebaki na televisheni, na televisheni hainiulizi swali." Darasa zima lilicheka. Mimi nilikuwa nimejibu swali hilohilo dakika chache kabla yake, nikaeleza habari za Baba kwa ufasaha, na watu walinyamaza tu.

Alitembea kwa miguu kutoka Kibomet hadi chuoni kila asubuhi na bado alichelewa, kwa sababu alisalimia kila mtu njiani, na si salamu ya kupita. Alisimama. Akijitetea kwa mhadhiri alisema, "Miguu ilifika mapema. Mdomo ndio umechelewa." Mwanafunzi mwingine angefukuzwa. Yeye aliambiwa, "Ingia, Mwalimu."

Siku moja tulikuwa pamoja kwenye stendi ya bodaboda, dereva akamuuliza anasomea nini. Nikajiandaa kueleza, maana mimi ndiye niliyekuwa na maelezo mazuri. Mwalimu akamjibu, "Nasomea kukuuliza unalala vipi."

Yule kijana hakucheka. Akazima pikipiki. "Silali, Mwalimu. Tangu bibi arudi kwao, bana, silali kabisa. Nakunywa zile vinywaji za kutoa usingizi mchana, halafu usiku nageukageuka kitandani."

Wakaongea mpaka nikachoka kusimama. Nilikuwa na mtihani mdogo asubuhi ile, na kichwani nilikuwa nimejaza hatua zote za usingizi kwa majina yake. Hakuna dereva aliyewahi kunizimia pikipiki.

Wala msidhani alikuwa mtakatifu. Aliweka sukari kwenye chai mpaka kijiko kikasita. Mwezi wa Ramadhani alituletea kaimati zilizong'aa kwa shira, akasimama katikati ya watu waliokuwa wametoka kusoma madhara ya sukari, akasema, "Leo tunasoma kwa vitendo." Alifundisha watu kulala mapema, naye alitutumia ujumbe wa simu kabla hata adhana ya alfajiri haijaisha. Nilipomchokoza kuhusu sukari alisema, "Nafundisha njia, sijasema nimefika." Wengine waliona huo ni unyenyekevu. Mimi niliona ni ujanja, kwa sababu maneno hayo ningeyasema mimi ningeitwa mnafiki.

Biokemia ilimshinda. Hilo nalisema kwa furaha ambayo mpaka leo haijaisha yote. Alikaa na karatasi yenye mizunguko ile ya sukari mwilini, akaigeuza kama mtu anayetafuta upande wa juu wa ramani. Akaja kwangu. "Nafula, mwanangu, hebu nionyeshe tena hapa inapoingia." Nikamwonyesha. Nilimfundisha muhula mzima, chini ya dirisha la maktaba, na nilifundisha vizuri, maana kila alipokosea nilijisikia mrefu. Alirudia mtihani akapita kwa shida. Siku ya matokeo alinikumbatia mbele ya watu. "Huyu ndiye mwalimu wangu!" Nami nikawa na wivu hata wa namna alivyojua kushukuru.

Katika somo la kuzungumza na mgonjwa hali iligeuka. Mhadhiri alimleta mpishi wa hosteli ajifanye mgonjwa wa sukari, na kila mmoja wetu azungumze naye mbele ya darasa. Mimi nilikwenda hatua kwa hatua: nikasalimia, nikauliza historia, nikatoa ushauri, nikahakikisha ameelewa. Mpishi aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikapata alama nzuri. Mwalimu alipofika zamu yake alikaa, akavua miwani, akamuuliza, "Wewe unayetupikia sisi wote, wewe unakula saa ngapi?" Mpishi akasahau kwamba anaigiza. Akasema yeye hula mabaki, akisimama, wote wakishamaliza. Mhadhiri aliandika kitu muda mrefu. Sikuona alama aliyompa, na sikuhitaji kuiona.

Mwaka wa tatu tulipangwa wawiliwawili, kila jozi ifuate familia moja kwa muhula mzima. Nilipangwa na Mwalimu. Nami, kwa kujiamini kwangu, nikapendekeza nyumba yetu Kanduyi. Nilitaka amwone mgonjwa wangu. Nilitaka aone kazi yangu.

Maana nilikuwa nimeshafanya kazi. Tangu mwaka wa kwanza, kila nilipokwenda nyumbani nilipekua jikoni. Nilitupa mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaficha chumvi, nikabandika ukutani mchoro wa sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo hiki, robo kile. Mama alisema, "Sawa, daktari wangu." Nikirudi nilikuta mkebe mpya mahali pa ule wa zamani, na ule mchoro umezibwa na kalenda ya kanisa. Presha yake ilibaki palepale. Nikapandisha sauti. Akaendelea kusema sawa.

Tulifika Jumamosi. Mama alikuwa amechinja kuku, amesonga ugali wa watu kumi, na soda zimepangwa mezani. Nikaona aibu. Nikaanza, "Mama, si tulisema..." Mwalimu akanishika mkono, akampita, akaingia jikoni. Aliona mrenda umetandazwa kwenye ungo, akaketi kwenye kigoda na buibui lake, akaanza kuchambua.

"Nisaidie hapa," alimwambia Mama. "Watu wa huku mnaweka munyu wa majivu. Mimi nikichuja yale majivu maji yanatoka machungu, mboga haziliki. Nakosea wapi?"

Mama alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi. "Nyinyi watu wa mjini! Si majivu yoyote tu. Inatakiwa ya maganda ya maharagwe."

Wakapika. Mwalimu alikuwa na Kibukusu cha sokoni, kibovu kabisa, naye hakuona haya kukitumia. Mama alimsahihisha huku akijipigapiga mapaja kwa kucheka. Mimi nilisimama mlangoni na mashine ya kupimia presha mkononi. Hakuna aliyeniambia niketi.

Wakati wa kutia chumvi, Mama mwenyewe ndiye aliyesema. "Hii chumvi najua nazidisha. Huyu mtoto ananigombeza kila siku."

"Unaipenda?" Mwalimu aliuliza.

Mama alikoroga kwanza. "Hapana. Ni vile tu chakula hakina radha siku hizi. Tangu mzee aondoke napika kidogo, ya mtu mmoja. Naonja, naona ni kama nakula karatasi. Naongeza. Naonja tena, bado."

Alisema radha, kama asemavyo siku zote, na Mwalimu hakutabasamu. Alisema tu, "Pole, dada. Mimi yangu ni sukari." Kisha wakaonja pamoja, wajane wawili na sufuria moja.

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye jiwe karibu na zizi nikang'oa nyasi kwa hasira. Miaka mitatu nilikuwa nimemuuliza mama yangu anatia chumvi kiasi gani. Sikuwa na hasira na swali langu, nalisema wazi. Nilikuwa na hasira kwamba jibu lilimhusu baba yangu, na limepewa mgeni.

Kuanzia hapo mambo yakaenda yenyewe. Mwalimu hakumkataza Mama kitu. Alimwambia tu asile peke yake, basi Mama akaanza kupika pamoja na jirani yake, leo kwake, kesho kwa mwenzake. Asubuhi wakawa wanatembea na akina mama wa kanisa mpaka uwanjani Kanduyi na kurudi, wamevaa leso na viatu vya kila aina. Dawa zake, alizokuwa akizimeza siku akikumbuka, sasa alizimeza pamoja na chai, kwa sababu Mwalimu alimpigia kila asubuhi na kumuuliza, "Tumekunywa?" Presha ilianza kushuka. Nilipoona namba kwenye mashine nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi. Halafu Mama akasema, "Ngoja nimwambie Mwalimu," akachukua simu.

Jioni nilipompigia, laini ilikuwa na mtu. Nikipiga tena, bado ina mtu. Nilijua ni nani. Nilikuwa nikilala hosteli Kitale, Mwalimu yuko Kibomet, ningeweza kumfikia kwa miguu nikamwambia akate simu. Badala yake nilifungua vitabu. Wanasema nilikuwa mwanafunzi hodari. Nilisomea ndani ya milio ile ya simu.

Muhula wa mwisho wa mwaka ule, mitihani ikikaribia, kiti cha pembeni yangu kilikaa kitupu siku kadhaa. Sikuuliza. Niliona nafasi imepatikana, nikajibu maswali yote darasani, na mhadhiri akasema, "Leo Nafula amewaka." Ijumaa nikapanda gari kwenda nyumbani nikiwa na moyo mweupe.

Jirani yetu alinikuta njiani. "Afadhali umekuja. Mama sasa ako sawa, lakini ile siku alitutisha."

"Siku gani?"

Akaniangalia, akaelewa kwamba amekosea, akaanza kuzungumzia mvua.

Mama alikuwa amepata kizunguzungu kanisani, akaanguka, akalazwa Bungoma mjini. Kabla ya kupoteza fahamu alimpa jirani simu na kumwambia ampigie Mwalimu. Mwalimu aliondoka Kitale saa hiyohiyo. Alikaa kando ya kitanda chake, akamwosha, akamlisha uji, akaswali kwenye kona ya wodi huku akina mama wa kanisa wakiimba upande wa pili. Yote hayo mimi nikiwa Kitale nang'ara darasani.

"Ungeniambia," nilimwambia Mama.

"Ulikuwa na mitihani."

"Mwalimu pia alikuwa na mitihani!"

Mama akatazama mikono yake. "Wewe ungekuja na macho yale. Yale ya siku ya baba yako. Sikuwa na nguvu ya kukubembeleza, Nafula."

Jumatatu nilimngojea Mwalimu kwenye lango la chuo. Alikuja akisalimia watu kama kawaida, raba zimechafuka matope. Sikumwamkia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakujifanya hajui. "Aliniomba nisikwambie. Mgonjwa akikuomba siri unafanya nini? Tulifundishwa siku moja, mimi na wewe."

"Yule si mgonjwa wako. Ni mama yangu."

"Ndiyo sababu."

"Sababu ya nini?"

"Ya kutokukwambia."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Kama angenijibu kwa ukali ningekuwa na kitu cha kushika. Nilihama safu ya mbele. Mwaka mzima wa nne niliketi nyuma nikiitazama mitandio yake.

Siku ya mahafali Mama alikuja na mashada mawili yale ya karatasi za kumetameta. Alinivisha la kwanza, akapiga kigelegele. Kisha akaniacha nimesimama na mpiga picha, akapenya katikati ya watu na lile la pili. Nilimwona Mwalimu ameinamisha kichwa kulipokea. Nyuma yake alisimama mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa ngozi, amevaa vizuri, ameshika shada lake mwenyewe ambalo alikuwa hajapata nafasi ya kulivisha. Nikaambiwa ni binti yake, nesi katika hospitali moja hapa Kitale. Sikumfikiria zaidi ya hapo.

Miaka ikapita. Mama yuko salama, bado anatembea, na siku hizi huninong'oneza mambo yake mawili matatu, ingawa bado naona kuna mengine anayatuma Kibomet. Mimi nilipata kazi kwenye kliniki ndogo hapa Kitale. Nina chumba changu chenye viti vitatu, na nimejifunza kunyamaza kidogo. Sikujifunza kwa wema. Nilimwiga yeye, na kila mgonjwa aliponifungulia moyo nilijiuliza kama angekuwa amefungua zaidi kwake.

Mwaka jana, siku ya soko, mlango uligongwa nikasema ingia, na aliyeingia alikuwa Mwalimu. Amekonda. Raba zimekuwa ndala, na mguu mmoja umefungwa bendeji. Nyuma yake alikuwa binti yake, na sare ya kazi.

"Nimekuja kwako," Mwalimu alisema. "Wengine sitaki."

Kabla sijajibu, binti alianza. "Sukari yake iko juu. Kidonda hakiponi. Nimemwambia. Nimemwambia aache chai ile, nimemtolea sukari jikoni, anaenda kunywa kwa jirani. Yeye ndiye msomi wa mambo haya! Mama, si nilikuambia? Si nilikuambia?"

Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake. "Sawa, binti yangu," alisema. "Sawa."

Kisha akainua macho kwangu. "Mwambie atoke kidogo. Kuna jambo nataka kukueleza, na sitaki alisikie."

Binti aligeuka. Akanitazama. Haukuwa mtazamo wa nesi kwa mwenzake. Midomo yake ilikuwa imekazwa, na macho yamejaa machozi, naye anajizuia kwa nguvu zote. Akachukua mkoba wake, akatoka, akafunga mlango polepole mno, kama mtu ambaye angependa kuubamiza.

Mwalimu akasogeza kiti. "Nafula, mwanangu," akaanza.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Yule mwanamke ambaye kila mtu alimfungulia mlango alikuwa amekuja kunifungulia mimi, na kumwacha nje mtu wa damu yake. Nilikaa ndani ya furaha ile kwa muda. Ilikuwa tamu, nami nilikuwa nimeingoja muda mrefu.

Halafu nikasimama, nikaenda mlangoni, nikaufungua. Binti alikuwa kwenye benchi la korido, uso umezikwa kwenye viganja.

"Dada," nilimwita. "Rudi ndani."

Nyuma yangu Mwalimu alisema, "Nafula! Nimekuomba." Sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Umeniomba, ndiyo," nilimwambia bila kugeuka. "Nami nakataa."

Mpaka leo sijui kama nilitenda wema au nilikuwa nalipiza. Binti aliingia, akaketi kwenye kiti cha tatu, magoti yake yakigusa ya mama yake, na hakusema tena, "Si nilikuambia?" Mwalimu alinikasirikia kweli. Alikataa kunitazama, akatazama dirishani ambako watu walikuwa wakishusha magunia ya mahindi. Tulikaa hivyo, watatu, na mimi sikumsaidia neno hata moja. Mwishowe akavua miwani, akamgeukia binti yake, na kuanza kumweleza tangu lini haoni vizuri kwa jicho la kushoto.